Kusita, Kusadiki na Kuchoka: Mwitiko wa Msomaji wa Riwaya za Fantasia na Bunilizi ya Kisayansi katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya mwitiko binafsi wa msomaji katika uhakiki wa riwaya za Kiswahili zinazotumia fantasia na bunilizi ya kisayansi. Riwaya zilizoteuliwa ni Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila. Hoja inayojengwa ni kwamba uhakiki umezoea kuzifasiri riwaya hizi kama istiara kabla msomaji hajapata fursa ya kushangaa, kuogopa, kucheka au kuchoka. Mazoea hayo yamefunika tofauti za ubora zilizopo baina ya riwaya zenyewe.

Usuli wa Tatizo

Jina kamili la riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951 humweleza msomaji mapema kuwa Kusadikika ni nchi iliyo angani. Taarifa hiyo ni ya ajabu, lakini ni nadra kukuta tahakiki inayoishangaa. Msomaji aliyepita katika madarasa ya fasihi huwa na jibu tayari: nchi hiyo ni Tanganyika chini ya Waingereza, mashtaka ya Karama ni mashtaka ya kila mtu aliyethubutu kudai haki, na waziri Majivu ni sura ya utawala usiopenda kukosolewa. Jibu hilo si kosa. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na fumbo lilikuwa na kazi ya kumkinga. Tatizo ni kasi ya jibu lenyewe. Huwahi kufika kabla msomaji hajajiuliza nchi inayoelea ina majirani gani, mtu hutokaje humo, na akitoka ataionaje dunia iliyo chini yake.

Maswali hayo yanaweza kuonekana ya kitoto, ila riwaya yenyewe inayachukulia kwa uzito. Karama anapojitetea mbele ya baraza husimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: pande nne za dira, kisha mbinguni, kisha ardhini. Upande huu wa mwisho ndio unaostahili kumsimamisha msomaji, kwa sababu kwa Wakusadikika ardhi ni ugenini. Msomaji aliyekuwa akiitazama nchi ya angani kwa jicho la mgeni hugeuziwa kibao. Sasa makazi yake mwenyewe ndiyo nchi ya mbali ambayo mjumbe hana budi kujihatarisha ili aifikie. Anayesoma kwa istiara peke yake huuona upande wa ardhi kuwa mmoja kati ya sita, sawa na mingine, na hupita. Anayesoma huku akiisadiki nchi ya angani hushtuka. Mshtuko huo ni sehemu ya maana ya riwaya, na hakuna muhtasari wa maudhui unaoweza kuubeba.

Jina la nchi nalo linahitaji kutazamwa upya. Kusadikika ni kitenzi katika kauli ya kutendeka: ni hali ya kitu kuweza kusadikiwa. Kufikirika, riwaya nyingine ya mwandishi huyohuyo, imepewa jina kwa mnyambuliko uleule. Majina haya mawili hayasemi lolote kuhusu milima, mito au watu wa nchi hizo. Yanachokitaja ni tendo la msomaji: kusadiki na kufikiri. Mwandishi ameliweka jaladani swali la iwapo jambo hili linasadikika, lakini uhakiki umelipita na kukimbilia swali la jambo hili linawakilisha nini. Makala haya yanarejea katika swali la kwanza na kulifuata katika riwaya nne zilizoandikwa baadaye, wakati ambapo waandishi wa Kiswahili waliirudia ajabu baada ya miongo ya utawala wa riwaya ya kihalisia.

Msingi wa Kinadharia

Mwanazuoni aliyeifungamanisha fantasia na mwitiko wa msomaji kwa uwazi zaidi ni Tzvetan Todorov (1970). Kwake, fantasia haimo katika kuwepo kwa mzimu au jini ndani ya hadithi. Imo katika kusita kwa msomaji asiyejua kama tukio lina maelezo ya kawaida au linavunja kanuni za dunia anayoijua. Kusita huko kukiisha, fantasia nayo huisha: ama huwa jambo la kutisha lenye maelezo, ama huwa ajabu iliyokubaliwa. Todorov aliweka masharti matatu. La kwanza ni kwamba msomaji asite. La pili, ambalo si la lazima, ni kwamba mhusika naye aweza kusita pamoja na msomaji. La tatu ni kwamba msomaji akatae kuisoma matini kama istiara au kama ushairi mtupu, maana akishaamua kwamba mzimu ni nembo ya kitu kingine, hana tena sababu ya kusita.

Tasnifu za Kiswahili zinazomtumia Todorov kwa kawaida hushughulika na masharti mawili ya kwanza. La tatu huachwa, na kuachwa huko kunaeleweka, kwa sababu likitumiwa kwa ukali sura nzima za uchambuzi wa maudhui zingebaki bila kazi. Hata hivyo sharti hilo ndilo linalofaa zaidi katika mazingira ya Kiswahili, ambako istiara ndiyo desturi ya kwanza ya usomaji wa kitaaluma.

Todorov hawezi kuchukuliwa mzimamzima. Mifano yake imetoka hasa katika fasihi ya Ulaya ya karne ya 18 na ya 19, na msomaji anayemkusudia ni yule aliyelelewa kuamini kwamba dunia haina majini. Hadhira ya ngano ya Kiswahili ina mkataba mwingine. Fanani anaposema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!", na katika vianzio vingine hadhira huialika hadithi ije, uongo uje, na utamu ukolee. Hadhira hiyo haisiti mbele ya uongo, imeuita yenyewe. Hapa istilahi ya Kiswahili inaonesha jambo ambalo istilahi za Ulaya haziwezi kulionesha. Neno mwitiko, linalotumiwa leo kutafsiri dhana ya nadharia iliyokuzwa Ujerumani na Marekani, lina mzizi mmoja na kuitikia: ni sauti ya wengi inayomjibu fanani au mwimbaji kiongozi. Kwa hiyo mwitiko katika Kiswahili haukuwa siri ya moyoni. Ulisikika, na fanani aliyeitikiwa kwa unyonge alijua palepale kwamba hadithi yake imeanza vibaya.

Louise Rosenblatt (1978) anasaidia upande wa pili wa hoja. Alitofautisha usomaji wa kuchukua, ambapo msomaji anajali kile atakachoondoka nacho baada ya kufunga kitabu, na usomaji wa kisanaa, ambapo anajali kinachompata wakati anaposoma. Miongozo ya fasihi inayotumiwa na wanafunzi, yenye orodha za dhamira, wahusika na mbinu, hufundisha ule wa kwanza. Kitabu husomwa kama mzigo wa kupakuliwa. Riwaya ya kihalisia huweza kuvumilia upakuaji huo, kwani dhamira zake ziko karibu na matukio yake. Riwaya ya ajabu huumia zaidi: ukishaipakua, ajabu ndiyo inayobaki chini kama makapi.

Ubishi wa zamani dhidi ya msimamo huu unajulikana. W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley (1949) walionya kwamba mhakiki anayeipima kazi kwa hisia zinazomjia huchanganya kazi na matokeo yake, na uhakiki hugeuka maungamo ya mtu mmoja. Onyo hilo lina nguvu pale ambapo mhakiki husema tu kwamba kitabu kimemfurahisha. Halina nguvu pale ambapo anaweza kuonesha mahali katika matini panapozaa mwitiko, na kwa njia gani. Kusema riwaya fulani inachosha ni maoni. Kusema inaanza kuchosha pale mhusika mkuu anapoacha kuwa hatarini, na kwamba kuanzia hapo kila swali lake lina jibu kabla ya ukurasa kwisha, ni dai ambalo mtahini anaweza kulikagua.

Nagona: Msomaji Aliyepotea

Kezilahabi alipochapisha Nagona mwaka 1990, wasomaji wake walikuwa na upeo wa matarajio, kwa istilahi ya Hans Robert Jauss, uliojengwa na Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Walitarajia Ukerewe, familia, elimu, Ujamaa, na watu wanaoishi na kufa katika nchi inayotambulika. Walipewa kitabu chembamba ambamo msimulizi asiye na jina huzunguka katika mahali pasipo ramani, penye ukimya na magofu, akitafuta kitu ambacho msomaji hana hakika kama ni mnyama, mtu, au ukweli. Mzingile iliyofuata mwaka 1991 haikurudi nyuma.

Mwitiko wa kwanza ambao riwaya hii huuzaa ni kupotea. Hilo linakubaliwa na karibu kila anayeizungumzia, lakini hukubaliwa kama kikwazo cha kuondolewa. Funguo huletwa upesi: Nietzsche, Heidegger, na tasnifu ya uzamivu ya mwandishi mwenyewe aliyoiwasilisha Wisconsin mwaka 1985 kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Funguo hizo ni halali na zimezaa tahakiki nzuri. Hata hivyo kuna kinaya katika kuwahi kumwongoza msomaji ndani ya riwaya ambayo msimulizi wake naye hana kiongozi wa kumwamini. Sharti la pili la Todorov limetimizwa hapa kwa ukamilifu: mhusika na msomaji wanasita pamoja. Mhakiki anayeingia na ramani huuvunja umoja huo. Huwa ndiye mtu pekee asiyepotea, na kwa hiyo ndiye asiyeisoma riwaya iliyoandikwa.

Mfano ulio wazi ni sehemu ambamo wanafikra wa Ulaya waliokwisha kufa hutokea kama watu katika masimulizi. Msomaji aliyesoma falsafa huwatambua, hutabasamu, na tangu hapo huwachukulia kama tanbihi zinazotembea: huyu analeta hoja hii, yule anapingana naye. Msomaji asiyewajua hukutana na kitu kingine kabisa. Kwake ni wafu wenye majina ya kigeni wanaozungumza na walio hai. Ni mizimu. Desturi ya uhakiki ingemwita msomaji huyu wa pili kuwa hajaelewa, na ingempeleka maktaba. Lakini kwa mantiki ya matini yenyewe yeye ndiye aliye karibu zaidi na kinachotokea, kwani hao kweli ni wafu, na kuzungumza kwao kweli ni ajabu. Ujuzi wa msomaji wa kwanza umemwondolea hofu ambayo riwaya ilikuwa imemwandalia. Haifuati kwamba ujinga ni bora kuliko maarifa. Inafuata kwamba mwitiko wa asiyejua unastahili kuandikwa kando ya ule wa anayejua, na kwamba tasnifu inayorekodi mmoja tu imerekodi nusu ya riwaya.

Wolfgang Iser alizungumza juu ya mapengo ambayo matini humwachia msomaji ayajaze. Nagona ina mapengo mengi kuliko riwaya nyingine yoyote iliyoteuliwa hapa, na baadhi yake, pengine, hayakukusudiwa kujazwa kamwe. Hapo ndipo msomaji hugawanyika: mmoja huona ukarimu, mwingine huona dharau. Wote wawili wanaweza kuonesha kurasa zao.

Walenisi: Hofu Inayogeuka Somo

Walenisi ndiyo riwaya inayokaribia zaidi bunilizi ya kisayansi katika kundi hili. Dzombo, aliyehukumiwa kifo na utawala wa kidhalimu, hutiwa katika chombo cha kurushwa angani ili afie huko. Hafi, hufika Walenisi, kwenye jamii iliyojengwa juu ya usawa. Mwandishi wake, aliyekuwa mwanasosholojia, aliwahi yeye mwenyewe kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani chini ya serikali ya Kenya ya miaka ya 1980. Ni vigumu kuusoma mwanzo wa riwaya bila kulikumbuka hilo, ingawa mwanzo huo una nguvu hata kwa asiyelijua.

Nguvu hiyo inatokana na chombo. Darko Suvin (1979) alieleza bunilizi ya kisayansi kuwa fasihi ya ugeni unaofuata mantiki: kitu kipya huingizwa katika dunia ya hadithi, na msomaji hukifuatilia kwa akili kama anavyofuatilia kitu halisi. Chombo cha Dzombo ni kitu kipya cha namna hiyo. Kinamfanya msomaji aulize maswali ya mwili kabla ya maswali ya siasa. Hewa itatosha? Anayeketi humo anaona nini? Kinaongozwa na nani, na je, chaweza kuongozwa na aliyefungiwa ndani? Chumba cha mfungwa na chombo cha anga vimekuwa kitu kimoja, na hofu ya kimoja inaingia katika kingine bila mwandishi kuhitaji kueleza. Mhakiki anayeandika kwamba chombo kinaashiria ukandamizaji amesema kweli, lakini ameiondoa hewa ambayo msomaji alikuwa akihofia itakwisha.

Kisha Dzombo anatua. Muundo unaofuata ni wa kale. Thomas More aliutumia katika Utopia mwaka 1516, na Swift aliuchezea. Mgeni hutembezwa, huuliza, hujibiwa. Wenyeji wa Walenisi wana majibu mazuri, na wengi wa wasomaji wa riwaya hii wangependa kuishi mahali ambako majibu hayo ni kweli. Pamoja na hayo, msomaji huchoka. Uchovu huu haujadiliwi katika tahakiki, labda kwa heshima kwa mwandishi aliyelipa gharama ya fikra zake. Heshima hiyo haiisaidii riwaya. Uchovu unaanza mahali maalumu: pale hatari inapokwisha na maswali ya Dzombo yanapoanza kuwepo ili majibu yapate kutolewa. Mapengo yamezibwa. Msomaji aliyekuwa abiria ndani ya chombo amekuwa mwanafunzi darasani, na mwanafunzi hana cha kuhofia ila urefu wa kipindi. Kwa lugha ya Rosenblatt, riwaya inabadili aina ya usomaji inayoudai katikati ya safari, bila kumwarifu msafiri.

Jina la sayari linahitaji aya yake. Walenisi ni "wale ni sisi", na msomaji anayelitamka kwa sauti huligundua mapema kuliko anayelipitia kwa macho. Ugunduzi huo huleta kicheko, na kicheko hicho ni cha aina ya pekee kwa Kiswahili, kwani kinategemea kiashiria cha mbali, wale, kugongana na kiwakilishi cha karibu kabisa, sisi. Sarufi yenyewe inafunga umbali ambao chombo kilikuwa kimeufungua. Swali la kihakiki ni wakati. Kwa msomaji anayelifumbua jina jaladani, safari yote ya angani huwa imekwisha kabla ya kuanza: Dzombo haendi mbali, anakuja nyumbani. Kwa anayelifumbua baada ya nusu ya kitabu, ni pigo. Miongozo hulifumbua katika sentensi ya kwanza.

Bina-Adamu!: Furaha ya Kutambua

Kuhusu Bina-Adamu! yatosha kusema machache. Msimulizi husafiri katika mabara akimtafuta P.P., akisaidiwa na Hanna, na inabainika kwamba P.P. ni Peter Pan, mvulana asiyekua aliyebuniwa na J. M. Barrie na kupandishwa jukwaani London mwaka 1904. Kijiji cha utandawazi kinatawaliwa na mtoto. Wazo hilo lina makali. Lakini mwitiko unaozalishwa ukurasa baada ya ukurasa ni ule wa mtu anayejaza chemshabongo: kila kipindi kina jibu, na raha ni ya kulipata. Msomaji haogopi kwa kuwa hasiti. Hasiti kwa kuwa riwaya haijamtaka asadiki. Mwaka huohuo wa 2002 Wamitila alichapisha pia Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake, kitabu kilichowafundisha wanafunzi wengi istilahi za kusomea matini za namna hii. Kufuli na funguo vilitoka katika meza moja.

Hali hiyo haimhusu yeye peke yake. Said Ahmed Mohamed ndiye Said A. M. Khamis, mtaalamu aliyeandika kwa upana kuhusu mielekeo mipya ya riwaya ya Kiswahili. Kezilahabi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na Mkangi vilevile. Riwaya ya ajabu ya Kiswahili ilizaliwa ndani ya kuta za chuo, ikasomwa humo, ikahakikiwa humo. Si ajabu basi kwamba msomaji anayekadiriwa na uhakiki huu ni mtu mwenye shahada, na kwamba mwitiko unaoheshimiwa ni ule wa kutambua dokezo. Utafiti kuhusu wasomaji wa nje ya kuta hizo ungeweza kubadili orodha ya riwaya zinazohesabiwa kuwa ngumu.

Babu Alipofufuka: Aibu

Katika riwaya zote tano, Babu Alipofufuka ndiyo inayomshika msomaji kwa muda mrefu zaidi, na sababu yake si ya kifalsafa. K, kigogo anayeishi kwa anasa huku nchi ikioza, huzukiwa na babu yake aliyekwisha kufa. Herufi moja badala ya jina itamkumbusha msomaji fulani Das Schloss ya Kafka. Msomaji mwingine itamkumbusha tu mtu aliyepoteza jina lake, na hilo linatosha, pengine linazidi.

Kusita kupo. Je, ni ndoto, ni ulevi, ni dhamira inayomsuta, au ni marehemu mwenyewe? Todorov angeridhika. Lakini kilicho na uzito zaidi ni neno babu. Katika uhakiki, babu hutafsiriwa kuwa historia, mila, au ndoto za uhuru zilizosalitiwa. Tafsiri hiyo inashikika vizuri mno. Ndiyo maana inarudiwa. Inachokiacha ni kwamba babu, kabla ya kuwa nembo, ni jamaa. Baina ya babu na mjukuu, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kuna utani. Babu humtania mjukuu, humtetea kwa wazazi, humsamehe ambayo baba hasamehi. Msomaji aliyelelewa katika utani huo anapomwona babu akija usiku anategemea, bila kujua kwamba anategemea, sauti ya mzaha. Anapokutana na babu asiyefanya mzaha, anayemkabili mjukuu kama hakimu, kinachovunjika ni kanuni ya ukoo kabla ya kanuni ya maumbile. Mfu kufufuka ni jambo ambalo hadithi nyingi zimelizoesha. Babu aliyeacha utani ni jambo la kutisha.

Mwitiko unaofuata ni aibu, na ni aibu ya kuambukizwa. Msomaji haoni tu kwamba K ameaibika. Anajikuta akihesabu yeye mwenyewe ni lini mara ya mwisho alilizuru kaburi. Kwa msomaji asiye na desturi ya utani huo, labda aliyeisoma riwaya katika darasa la Kiswahili huko Ulaya, mwitiko huu hauna budi kuwa dhaifu au kuwa tofauti, na hatakuwa amekosea. Atakuwa anasoma kutoka upeo mwingine wa matarajio. Hapa ndipo mwitiko binafsi unapoacha kuwa wa mtu mmoja: ni binafsi kwa kuwa unampata msomaji peke yake usiku, ni wa jamii kwa kuwa ukoo ndio uliomwandaa aupate.

Mwitiko kama Data

Yaliyotangulia yanagusa namna tasnifu zinavyoandikwa na kutahiniwa. Mtafiti wa fasihi andishi hutakiwa kueleza data zake, na kwa kawaida hueleza kwamba ni matini zilizosomwa maktabani na kudondolewa kulingana na malengo. Utaratibu huo hauna nafasi ya kuandika kwamba katika ukurasa fulani msomaji aliogopa, na katika mwingine alitamani kuruka mbele. Taarifa kama hizo zikitokea hufutwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu si za kitaaluma. Lakini dai kwamba Nagona inazalisha hali ya kupotea, ambalo limo katika tahakiki zinazoheshimika, limejengwa juu ya taarifa zilezile. Tofauti ni kwamba limeandikwa katika nafsi ya tatu, na hakuna ajuaye ni msomaji gani aliyepotea, wapi, na kwa muda gani.

Njia nyepesi ya kurekebisha hali hii ni shajara ya usomaji inayoandikwa sambamba na usomaji wa kwanza, yenye namba za kurasa, na kuambatishwa mwishoni mwa tasnifu kama zinavyoambatishwa hojaji. Shajara hiyo haithibitishi thamani ya kazi. Inamwezesha mtahini kuona kama uchovu unaodaiwa katika Walenisi unaanza pale mhakiki anaposema, au ulianza mapema zaidi, kabla Dzombo hajatua, jambo ambalo lingedhoofisha hoja iliyotolewa hapa kuhusu chombo. Shajara za wasomaji wawili au watatu wa asili tofauti, mmoja wa Pemba, mmoja wa Nairobi, mmoja aliyejifunza Kiswahili ukubwani, zingeonesha kama aibu ya Babu Alipofufuka kweli inategemea utani wa babu na mjukuu.

Ugumu uko katika mpangilio wa wakati. Usomaji wa kwanza wa riwaya ya ajabu hufanyika mara moja. Mwanafunzi anayeanza na mwongozo, kisha makala, kisha riwaya, hukutana na jina Walenisi likiwa tayari limefumbuliwa na wafu wa Nagona wakiwa tayari wana wasifu. Akisoma mara kumi baada ya hapo, hana tena namna ya kujua ni ukurasa upi ungemtisha. Mapendekezo mengi ya utafiti huandikwa baada ya mapitio ya maandishi, na mapitio ya maandishi hudaiwa kabla ya ukusanyaji wa data. Kwa riwaya za aina hii, utaratibu huo unaifuta data kabla haijakusanywa.